Sarafu ya Mjomba Iliyoumwa

Nilipomaliza darasa la nane, mjomba alinichukua kutoka Awasi nijifunze ufundi wa magari kwenye gereji yake, Nyamasaria. Nilikuwa na haya nyingi. Mtu mzima akiniambia jambo lolote, jibu langu lilikuwa moja: ndiyo.

Wenzake wakipata pesa walinunua ng'ombe. Mjomba aliagiza, kupitia kwa sonara wa mjini, sarafu za dhahabu tupu, zile zinazopigwa chapa chache halafu basi. Alikuwa nazo tatu. Moja iling'aa kama kioo. Ya pili ilikuwa na simba aliyefifia kama amelala kwenye umande. Ya tatu, kipenzi chake, haikung'aa popote. Ilikuwa laini na butu kama ganda la yai. Jumapili baada ya kanisa alivaa glavu nyeupe akawaonyesha wageni.

"Macho tu," alisema. "Hata pumzi, pumulia kando."

Ufunguo wa sanduku nilitunza mimi, kwa sababu, alisema, mtu asiyeongea haibi.

Kisha Dani, nyanya yangu, mama yake mjomba, akaja kutoka Bondo kututembelea. Siku moja mjomba akiwa gereji, aliniita.

"Ile sarafu isiyong'aa aliyonionyesha mjomba wako inaninyima usingizi. Mwanangu ameuziwa bati. Ilete."

"Ndiyo, Dani."

Aliitoa kwenye plastiki, akaipangusa kwa leso, akaiuma. Mbele alikuwa na meno ya juu tu. Yale sita ya chini yaling'olewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo wa rika lake. Lakini ufizi wake ulikuwa umezoea samaki mkavu. Alipoitoa, kwenye ule uso butu ziling'aa alama nne.

"Irudishe," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Jumapili sonara mwenyewe alikuwa mgeni wetu. Mjomba akavaa glavu, akafungua sanduku, akaisogeza ile ya tatu kwenye mwanga.

"Nani ametafuna sarafu yangu?"

Akanigeukia.

"Ufunguo ni wako. Kesho unarudi Awasi."

Wiki hiyo ndipo nilipokuwa nimeruhusiwa kushusha giaboksi peke yangu. Nilimtazama Dani. Dani alikuwa akitazama dari, kana kwamba kuna mtu amempigia simu kutoka huko.

Sonara akachukua sarafu, akaigeuza chini ya lenzi yake.

"Ngoja, Bwana. Upande huu kuna meno manne. Huu mwingine, hakuna hata moja. Kijana, fungua mdomo."

Nikafungua.

"Huyu meno yake yamejaa, juu na chini."

Mjomba akageuza shingo polepole hadi kwa mama yake. Dani alikuwa amefunga midomo kama mfuko wa tumbaku.

"Mama."

"Mmh."

"Hebu cheka kidogo."

"Mm-mm."

Sonara ndiye aliyeshindwa kwanza, akacheka hadi lenzi ikaanguka. Dani akakasirika, akasahau, akafungua mdomo.

"Nimekuzaa, nisijue kama umeibiwa? Ni dhahabu. Shukuru!"

"Zile nyingine zilipigwa chache," sonara alisema akijifuta machozi. "Hii sasa ni moja tu duniani."

Jumatatu sikwenda Awasi. Nilikuwa chini ya lori. Jioni Dani aliniita kando ya jiko.

"Mjukuu wangu, na ile ya simba?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nikaufunga. Kisha nikaenda nikamkabidhi mjomba ufunguo wake.