Maneno Niliyoyabeba Kutoka Jikoni

Kila nikipita soko la Majengo, penye magunia ya mlenda mkavu, ile harufu ya vumbi na majani yaliyoanikwa hunisimamisha. Wauzaji hudhani nataka kununua, kumbe nimemkumbuka bibi.

Bibi, mama yake baba, alikuja kukaa nasi mjini nilipokuwa darasa la sita. Alizungumza Kigogo; Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Mama alikuwa Mhaya aliyeletwa Dodoma na kazi ya serikali, na Kigogo hakukijua hata chembe. Baba alifanya kazi Mtera, akirudi mwisho wa mwezi. Basi mkalimani nikawa mimi, niliyefundishwa Kigogo na baba.

Siku moja mama, akisafisha jiko, alitupa shimoni mfuko wa majani makavu yaliyosagika akidhani ni takataka. Kumbe ni mboga ya bibi, mlenda aliouchuma na kuuanika mwenyewe uwe akiba ya kiangazi. Bibi hakugomba. Aliingia chumbani akaanza kufunga nguo zake kwenye kitenge arudi kijijini. Niliogopa, maana nilimpenda mno.

Mama akanituma. "Mwambie bibi sikujua. Namwomba asiondoke."

Wiki ile mwalimu wa Kiingereza alikuwa akitufundisha kugeuza maneno ya msemaji kuwa taarifa: unafuta alama za kunukuu, "mimi" anakuwa "yeye", "leo" inakuwa "siku ile". Somo lilinikolea, nikawa nageuza kila nililosikia. Nikasimama wima mlangoni na kutoa taarifa safi kwa Kigogo, kwamba mama amesema hakujua, na kwamba anamwomba asiondoke.

Bibi aliendelea kufunga. Kisha akauliza jambo ambalo mwalimu hakuwahi kutuuliza: "Alipokuwa akisema, mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

Sikuwa nimetazama. Nikarudi mbio. Mama alikuwa amechutama kando ya shimo akiwa na nguo zake za ofisini, akiokota vipande vya majani kwenye majivu, huku analia.

Nilitafuta namna ya kuligeuza hilo, nikakosa. Nikaenda kumshika bibi mkono, nikamleta.

Aliitazama mikono ya mama, kisha akachutama naye, akasema maneno machache kwa Kigogo, polepole. Nilipofungua kinywa nitafsiri, mama akaniinulia mkono wenye majivu.

"Acha, mwanangu. Nimeelewa."

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwa nini bibi aliulizia mikono. Maneno angeweza kuletewa na mtoto, lakini majuto ilibidi ayaone mwenyewe. Jioni ile alifungua kitenge chake. Pale shimoni alikuwa amesema mlenda utaota tena mvua zikinyesha. Mama hajaniuliza maana ya maneno yale mpaka leo.