Unga wa Msiba wa Mtu Aliye Hai

Blogu yangu ina wasomaji wachache, na wengi wao ni ndugu zangu. Nalijua hilo kwa sababu siku nikiandika kwamba mama ameunguza maharage, kabla sijafika nyumbani shangazi yangu wa Mwimbi ameshapiga simu kumcheka. Mama naye ananisubiri mlangoni na mwiko mkononi. "Wewe mtoto, huna siri?" Sina. Ningekuwa na siri ningeandika nini?

Nina kibanda cha picha mjini Sumbawanga. Napiga za vitambulisho, za ubatizo, za kipaimara, na Jumamosi za harusi. Wateja wangu wanapenda rangi. Mpige bibi harusi wa mji huu picha ya nyeusi na nyeupe uone atakavyokununia, na mama yake, na kamati nzima. Mimi sasa ndiyo ninayoipenda. Huku kwetu juu kuna mawingu, jamani, kuna ukungu wa asubuhi, kuna wazee waliojikunyata kwenye makoti yao makubwa. Rangi ya nini? Basi kibandani nawapa watu rangi zao wanazozitaka, na kwenye blogu najipa raha yangu mwenyewe. Naweka picha, naweka na nyimbo ninazorekodi kwa simu, kwaya ikifanya mazoezi au mama akiimba anatwanga, halafu naandika maneno mawili matatu.

Nimeandika karibu kila kitu cha nyumbani kwetu Milanzi isipokuwa kimoja. Baba na mdogo wake walikuwa hawasemeshani.

Walikuwa wameimba pamoja tangu utotoni, baba besi, baba mdogo sauti ya juu, kanisa zima linageuka kuwatazama. Kisha baba mdogo akaoa, akahamia Kaoze kule bondeni kulima mpunga. Bibi yetu, mama yao, alipofariki, ilikuwa masika na barabara ya kupanda mlima ilikuwa imekatika. Baba mdogo akatuma neno: nipo njiani, ningojeni. Baba ndiye mkubwa. Akaitazama mvua, akawatazama watu waliojaa uani, akasema tunazika. Mdogo wake alifika kesho yake, matope mpaka kiunoni, akakuta kaburi lina msalaba. Hakuingia ndani hata kunywa maji. Alisimama makaburini peke yake, akageuka, akarudi bondeni.

Tangu siku ile ukimtajia baba habari za Kaoze anaanza kukuuliza bei ya mbolea. Lakini nimewahi kumsikia akiwa peke yake shambani, anaimba besi tupu ya wimbo wa watu wawili, anafika pale mwenzake anapotakiwa kuingia, ananyamaza kidogo, anaendelea. Mama alimwambia mara nyingi, mfuate mwenzio ukamwombe radhi. Baba anasema, "Atanifukuza." Mtu mzima na ndevu nyeupe, anaogopa kufukuzwa na mdogo wake! Nilikuwa namwonea huruma, halafu namkasirikia, halafu tena huruma.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe. Ilikuwa masika tena. Baba alitoka kwenye mazoezi ya kwaya amevaa koti lake la harusi, kwa sababu ya baridi tu, wala si sherehe. Akasimama dirishani kutazama mvua. Mwanga ulimwangukia shavu moja, na mimi kamera ilikuwa mkononi. Baba hacheki kwenye picha. Anaitazama kamera kama dereva anavyomtazama askari wa barabarani. Lakini siku hiyo alisahau kama nipo, na picha ikatoka nzuri, nzuri kweli, mpaka nikapiga kelele. Nikaiondoa rangi, nikaipandisha kwenye blogu. Chini yake nikaweka wimbo niliomrekodi na kwaya, ule wa kusindikiza marehemu, kwa sababu ndio wimbo wenye besi nzuri kuliko nyimbo zote wanazoimba. Nikasema sasa niandike maneno yangu, kwamba huyu ni baba yangu na hii ndiyo sauti iliyonilea.

Umeme ukakatika. Simu nayo ilikuwa imebaki na chaji ya kuombea maji, ikazima. Nikasema potelea mbali, nitaandika kesho, nikalala usingizi wa mtu asiye na hatia.

Kumbe huku kwetu, picha ya mzee amevaa koti, haina rangi, ina wimbo ule, na chini hakuna neno hata moja, hiyo inajisoma yenyewe.

Wa kwanza kufika asubuhi alikuwa jirani yetu mwenye duka, kavaa kanzu na kofia, kabeba mfuko wa sukari. Nilikuwa nafagia uani. Akanishika mkono kwa upole, akasema, "Pole sana mwanangu. Sote ni wa Mwenyezi Mungu. Mazishi saa ngapi?" Nikamwuliza mazishi ya nani. Akanitazama kwa huruma zaidi, akadhani nimechanganyikiwa na majonzi. Hapo hapo baba akatoka bafuni na taulo shingoni, anapiga mluzi. Jirani akaachia sukari ikamwagika yote.

"Astaghfirullah!" akasema.

"Karibu jirani," baba akasema. "Mbona asubuhi?"

Kabla hatujamaliza kuelezana, mlango wa uani ukafunguka kwa kilio. Shangazi alikuwa amepanda basi la kwanza kutoka Mwimbi, yeye na akina mama wa jumuiya yake, khanga zimefungwa viunoni, na nyuma yao vijana wamebeba gunia la unga, maharage na kuku wawili wananing'inia miguu juu. Shangazi alikuwa anamlilia kaka yake kwa Kifipa, anayataja mema yake moja moja, mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Alipomwona baba amesimama na taulo, hakuzimia. Alikwenda moja kwa moja akamtandika kofi la bega.

"Nimelia tangu Mwimbi! Nimelia basi zima! Kondakta kanipa kiti cha mbele!"

"Dada, mimi nimefanya nini?" baba akauliza. Na kweli, maskini, alikuwa hajafanya kitu.

Macho yote yakanigeukia mimi. Mama akasema Yesu na Maria, huyu na vipicha vyake. Nikaeleza umeme, nikaeleza chaji. Nitakuwa mwongo nikisema niliona aibu. Nilibanwa na kicheko mpaka nikajificha nyuma ya ndoo. Baba akaniagiza kwa sauti ya kiongozi wa kwaya niende dukani kwa jirani, kwenye umeme wake wa jua, nichaji simu na niandike mara moja kwamba yeye ni mzima. Halafu akawaomba wageni radhi, akawaambia chukueni unga wenu mrudi salama.

Shangazi akakaa juu ya gunia. "Unga wa msiba haurudishwi nyumbani," akasema. "Ukiurudisha unaita msiba wa kweli. Hili hata mtoto analijua. Unapikwa hapa, unaliwa hapa, unakwisha hapa."

Mama alikubali, hata jirani akakubali na dini yake. Basi masufuria makubwa yakatolewa. Kuni zikaletwa, maana jamaa wengine walizidi kuingia, na kila aliyeingia alilia, akashtuka, akacheka, akapewa kazi. Mwingine aliletwa jikoni kukoroga ugali kabla hajafuta machozi vizuri.

Nikarudi na simu ina chaji. Meseji zilikuwa zimejaa, pole, pole, pole. Nikaanza kuandika: Ndugu zangu, baba yupo hai. Baba akaja akakaa kando yangu kwenye kibao. Akatazama kidole changu.

"Usitume kwanza," akasema.

"Kwa nini?"

Akakohoa. Akakunja taulo, akalikunjua. "Iache mpaka jioni."

Sikuelewa. Mama ndiye aliyeelewa, alikuwa amesimama mlangoni na upawa. "Unataka kuona kama atakuja," akasema.

Baba akautazama mlango wa uani.

"Mume wangu, huo ni uchuro! Unajifanyia msiba unatembea? Na asipokuja?"

"Asipokuja nitajua," baba akasema. "Nitajua kwamba ndivyo alivyokusudia, sitamsubiri tena."

Shangazi, ambaye ni dada yao wote wawili na amechoka kuwabembeleza wote wawili, akasema taratibu, "Wala hatujamdanganya mtu. Mtoto ameweka picha na wimbo. Hakuandika neno." Nikaiweka simu mfukoni.

Siku ile ilikuwa nzuri na ilikuwa ngumu. Watu walikula ugali wa ulezi na kuku wa msiba, wakaimba, maana wanakwaya walikuwa wamekuja na walikuwa na sauti zao na hawana marehemu. Walimtania baba, wakamwomba aeleze mbinguni kukoje. Wengine walimwambia ana bahati, amesikia sifa zake mapema. Naye alicheka nao wote. Lakini aliketi mahali ambapo angeuona mlango wa uani, na kila ulipolia alinyanyua kichwa. Sahani yake ilipoa mbele yake. Alikuwa mtu wa kula, baba yangu, na hakugusa. Mchana ukapita. Mvua ikaja ikaenda. Mara kadhaa nilitaka kumwambia basi, nitume, yaishe. Niliogopa kumwona akikubali.

Jua likiwa limeanza kushuka, mama alinituma kuchota maji bombani nje. Nikamwona mtu anakuja kwa miguu upande wa barabara ya bondeni. Viatu kashika mkononi, suruali kaikunja, matope yamemkauka mpaka magotini. Alikuwa amekonda kuliko ninavyomkumbuka. Sijui kama alinitambua. Hakusalimia, nami nikasahau shikamoo.

"Mmeshamzika?" akauliza.

Jamani.

"Bado, baba mdogo," nikasema.

Akakaa chini pale pale kwenye majani yenye maji. "Nimewahi," akasema. "Asante Mungu, safari hii nimewahi." Akafunika uso na mikono miwili, viatu bado vinaning'inia vidoleni. Picha alikuwa ameonyeshwa alfajiri kule Kaoze, akaniambia baadaye. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, na pikipiki ilimfikisha chini ya mlima tu. Mlima aliupanda kwa njia ya mkato, mvua ikimnyeshea, huku akihesabu saa za mazishi.

Uani kwaya ikaanza wimbo mwingine. Sauti za akina mama kwanza, kisha besi ikaingia chini yao, nzito. Baba mdogo akaondoa mikono usoni. Akasikiliza. Kuna vitu huwezi kumdanganya mtu aliyelala kitanda kimoja na wewe utoto mzima.

"Hiyo besi ni ya nani?" akauliza.

Akanyanyuka, akausukuma mlango.

Wimbo ulikatika katikati. Baba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Walitazamana. Nilidhani baba mdogo atageuka aondoke, na angekuwa na haki. Mtu amepanda mlima kuja kukuzika anakukuta unaimba.

"Kaka," akasema, sauti inamtetemeka kwa hasira. "Nimekulilia njia nzima. Una wazimu?"

"Ninao," baba akasema. "Nilidhani hutakuja."

"Hata wakati ule nilikuja!" akapiga kelele. "Nilikuja! Wewe ndiye hukungoja!"

Hapo baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia, hata siku ya bibi hakulia, alilia mbele ya watu wote na mbele ya unga wake wa msiba. Akasema, "Nilikosea. Nilimzika mama yetu na wewe uko njiani. Ilinipasa nikungoje, hata kama mvua ingenyesha wiki nzima. Nisamehe, mdogo wangu."

Baba mdogo hakusema amesamehe. Alibaki amesimama, anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Shangazi akamletea maji ya kunawa. Akanawa mikono, akanawa uso, taratibu sana, kisha akaketi kando ya baba kwenye mkeka. Baba akamsogezea sahani yake iliyopoa. Wakala sahani moja, na watu wakajifanya wana shughuli.

Nilikuwa nyuma yao nakusanya vyombo, kwa hiyo niliyasikia yote. Kamera ilikuwa ndani na sikwenda kuichukua.

"Siku yenyewe ikifika," baba akasema, "nimeshawaambia hawa. Hawanishushi kaburini mpaka wewe ufike."

Baba mdogo akatafuna, akameza. "Na nikitangulia mimi?"

"Nitateremka bondeni. Barabara ikikatika nitateremka kwa miguu."

Baba mdogo akamgeukia, akamtazama kutoka juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anacheka, machozi yakiwa bado hayajamkauka.

"Kwa magoti hayo?" akasema.