Ukuta wa Jikoni Waenda Doha

Safari hii ilianzia wodini. Nyambura, binti wa dada yangu, ni muuguzi huko Doha, na hospitali yao, kwa maneno yake, ina baridi kuliko Limuru mwezi wa saba. Nilimshonea koti la kahawia lisilo na mbwembwe. Mwanamke mmoja aliyekuja kumwona mama yake mgonjwa akaushika mkono wa koti lile, akaukagua mshono, akauliza fundi ni nani. Huyo ni Umm Khalid, maana yake Mama Khalid, na ana duka la nguo za kike huko Lusail, mji ulio jirani na Doha. Aliomba aletewe makoti manane ya msimu wa baridi. Yakimpendeza, angeyaonyesha kwa wateja wake Jumamosi, kisha ayatundike dukani.

Nina chumba cha kushonea Ngecha, kile kijiji cha Limuru ambamo wachoraji wamekaa tangu nikiwa msichana. Ukipita unaona malango yenye mawingu, ng'ombe na nyuso za watu. Mimi nilichagua ukuta mmoja tu: ukuta wa jikoni kwa jirani yangu, Mama Mumbi, aliouchora majani ya chai, udongo mwekundu, ukungu wa asubuhi na kuku wake wa madoadoa. Pamoja na wenzangu, Wangari na Shiro, nilikata vitambaa vya rangi hizo tukavishonea mgongoni na kifuani mwa makoti ya sufu, ili hata aliye ng'ambo ya barabara ashangae. Ndani tukatia bitana nyeusi ya kitambaa kizito cha suti, kwa kuwa nyeusi haionyeshi uchafu. Kwa ajili ya makoti hayo tulikataa kushona sare za shule za Januari, kazi inayotulisha kila mwaka. Yakikataliwa, tungeanza mwaka mikono mitupu.

Siku ya kuondoka Mama Mumbi alikuja kuniaga, akalitazama koti moja kwa muda mrefu.

"Wairimu, huu ni ukuta wa jikoni," akasema. "Huu mtu huuona akishaingia, akiketi, akipewa chai. Wewe umeuweka barabarani."

Nikamwambia aache wivu. Tukacheka, nikapanda gari la kwenda uwanja wa ndege.

Jumatano jioni nilitoka nje ya uwanja wa ndege wa Doha nikakutana na hewa ya uvuguvugu, na watu wamevaa mikono mifupi. Desemba! Nimeleta sufu jangwani, nikawaza, nimekwisha.

"Tata, tulia," Nyambura akasema huku akinikumbatia; tata ndivyo Wakikuyu tunavyomwita dada ya mama. "Baridi ya huku iko ndani ya nyumba."

Hakutia chumvi. Kwenye teksi kiyoyozi kilivuma hadi nikafungua begi na kuvaa koti langu, la tisa, nililojishonea kwa mtindo uleule. Tulipofika Al Rayyan, anakoishi, mwenzake wa chumba alinipokea kwa kupiga magoti, ndivyo walivyolelewa mabinti wa Buganda. Anaitwa Nakato, na hotelini kwao hutengeneza sare za wafanyakazi zilizochanika.

"Mama, karibu sana. Banange, jamani, safari imekukondesha! Kula kwanza."

Sijawahi kukonda maishani mwangu. Nilimpenda papo hapo.

Alhamisi asubuhi mimi na Nyambura tulikwenda Lusail kwa treni. Umm Khalid alitukaribisha kwa tende na kahawa katika vikombe vidogo sana. Kila nilipomaliza, msichana wa duka alinijazia, nami kwa adabu za nyumbani nikawa nakunywa tu, hadi Nyambura aliponinong'oneza kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Kufikia hapo mikono yangu ilikuwa inatetemeka yenyewe.

Umm Khalid alivaa koti la kuku. Akageuka mbele ya kioo, akapapasa mishono, akasema, "Mashallah, mashallah." Nikajua yamependeza. Kisha akachukua abaya yake, buibui la huko, akaivaa juu ya koti, akaenda kusimama mlangoni kana kwamba anatoka. Kuku, majani ya chai, ukungu, vyote vikazama ndani ya ile nguo nyeusi. Kilichobaki ni mwanamke aliyenenepa ghafla. Alisema jambo kwa Kiarabu, polepole, naye Nyambura akanitafsiria macho yakiwa chini.

"Anasema ni makoti mazuri sana. Lakini anauliza, atayavaa wapi?"

Hakunidharau. Nadhani alisikitika kuliko mimi. Alisema tupitie tena Jumamosi kabla ya wageni kufika, labda atakuwa amepata wazo.

Kwenye treni ya kurudi nilijikaza kisabuni, lakini machozi hayakunisikiliza. Nilikuwa nawaona Wangari na Shiro wakiningojea nyumbani.

"Usilie, tata. Utaniliza na mimi, na hii ni mascara mpya, ei," Nyambura akasema.

Mbele yetu aliketi mama mmoja na mtoto. Mtoto akaangusha mwanasesere, mama akainama kumwokota, na abaya yake ikafunguka kidogo mbele. Ndani kulikuwa na gauni la rangi ya chungwa lenye maua ya dhahabu. Akaifunga, akakaa vilevile, mweusi na mtulivu. Nami nikamsikia Mama Mumbi: akishaingia, akiketi, akipewa chai.

Nikamshika Nyambura mkono. "Tunayageuza," nikasema. "Nje ndani, ndani nje."

Ijumaa ndiyo siku ya ibada huko, hata makanisani, lakini Nyambura aliiacha kwaya yake ikaimba bila yeye. Nakato alileta cherehani mezani. Tulifumua kola, vifungo na mifuko, tukavihamishia upande wa bitana, tukaficha pindo zote. Maduka ya mtaa wa Najma yalipofunguliwa baada ya sala, nilikimbilia huko kununua vifungo vyeusi. Niliporudi nikawakuta wawili hao wakiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu, Nakato akikanyaga mashine.

"Mama, kufumua ndiyo kazi yangu," akaniambia. "Hotelini watu wananenepa kila wiki!"

Jumamosi tulikwenda Lusail sote watatu. Umm Khalid aliyaona makoti yaliyogeuzwa, akalifungua moja, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akawaita binti zake waje wayavae. Alasiri duka likajaa wanawake, bila mwanamume hata mmoja. Pazia zilishushwa na simu zote zikaachwa kwenye kapu mlangoni, ndiyo maana sina hata picha moja ya kuwaonyesheni. Abaya zilipovuliwa, macho yakanitoka: hariri, shanga, kijani, waridi! Kumbe harusi nzima ilikuwa imefichwa chini ya weusi.

Mabinti wakatoka wamefunga vifungo hadi shingoni. Makoti meusi, basi. Wageni wakatazama kwa adabu. Nikakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Binti mkubwa akafika katikati, akafungua vifungo, akalitandaza koti lake kwa mikono miwili, na Ngecha yote ikamwagika pale.

Sikujua kwamba nao hupiga vigelegele. Nakato alijibu kwa vya Kampala, mimi kwa vya Limuru, na Nyambura akalia pamoja na mascara yake. Umm Khalid aliyachukua makoti yote manane. Aliondoka kwenda garini amevaa lile la kuku, bila abaya juu, kwa kuwa sasa koti lenyewe lilitosha kuwa abaya. Akaagiza mengine yafike kabla familia hazijamaliza msimu wa kupiga mahema jangwani, ambako baridi ni ya kweli.

Jumanne nilifika Ngecha nikiwa na koti langu mwenyewe, nalo nimeligeuza. Shiro aliniangalia juu hadi chini.

"Jeusi tu? Na sare tulishakataa!"

Niliwachukua yeye na Wangari hadi kwa Mama Mumbi. Nilikuwa nimekwenda Doha nikiamini kwamba kizuri lazima kionekane toka mbali, nikarudi najua kwamba kingine hungoja mtu aingie kwanza. Kwa hiyo nikaingia, nikaketi, nikangoja chai imiminwe. Kisha nikafungua vifungo.

Wangari akapiga kofi. Mama Mumbi akalitazama koti, akautazama ukuta wake, akaliweka birika chini.

"Haya," akasema. "Kuku wangu wameingia ndani."