Nyimbo za Kanana kwenye Kadi

Karwirwa ni fundi hodari wa simu, lakini daftari lake ni la uongo. Hilo nalisema hata mbele yake. Kibanda chake na changu vimetenganishwa na bati moja tu hapa sokoni Mikinduri, na kwa miaka sita nimesikia kila neno analowaambia wateja. Mimi ni Kiende, nashona sare za shule na nguo za kwaya. Yeye hubadilisha vioo vya simu, huchaji betri, na zaidi ya yote huwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Huku kwetu memori kadi haikai mahali pamoja. Asubuhi iko kwenye simu, mchana iko kwenye redio ndogo iliyotundikwa tawini shambani, Jumapili iko kwenye spika ya kanisa. Inazunguka kama jembe la kuazima.

Uongo wa daftari ni huu. Akifika asubuhi huandika majina ya wenye simu na kazi ya kila mmoja, halafu, kabla hajagusa hata bisibisi, anatia alama ya vyema kwenye kila mstari. Ati akiziona hizo alama anapata nguvu ya kufanya kazi. Mimi naona ni uvivu uliosoma. Mtu anaambiwa simu yako iko tayari, njoo kesho. Kesho akija, bado. Nimemwambia mara mia kwamba chelewa chelewa utapata mwana si wako. Yeye hucheka tu, kisha huniuliza ile suruali ya Krismasi ya mwalimu niliimaliza mwezi gani.

Lakini haki yake nimpe, mikono anayo. Mamake alimpeleka Embu mjini kusomea ushonaji. Karwirwa akaichukua ile karo akaipeleka kwa fundi wa simu aliyekuwa mtaa wa pili, akakaa pale mwaka mzima akijifunza, na mama huku nyumbani anangoja kushonewa rinda. Mpaka leo hajashonewa na bintiye. Mimi ndiye ninayemshonea, na hunilalamikia kila nikimpima.

Sasa, Mzee Muthamia. Yeye ni mkulima wa mahindi na maharagwe, na miraa kidogo, mtu mpole, anayesalimia mpaka kuku. Mkewe ni Kanana. Kwa miaka ishirini Kanana ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya ya akina mama kanisani kwetu. Mwaka jana, mvua za Aprili zikiwa zimeanza, kiharusi kilimpiga jikoni. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka. Ulikuwa ukimtazama machoni unajua kabisa kwamba anajua anachotaka, lakini mdomo unatoa mlio mmoja tu, uleule, kwa maji na kwa uji na kwa jina la mumewe.

Kule hospitali kulikuwa na mama anayewafundisha wagonjwa kuongea. Alimuuliza mzee kama mkewe alikuwa mtu wa kuimba. Akamweleza kwamba mtu aliyepoteza maneno wakati mwingine bado anaweza kuyaimba, kwa hiyo amchezee nyimbo anazozijua kila siku, naye aimbe akizifuata. Mzee alikuwa na kitu bora kuliko nyimbo za redioni. Kwenye simu yake kulikuwa na nyimbo kumi na moja ambazo Kanana aliziimba peke yake kabla ya kuugua, mumewe akimrekodi, ili asisahau mpangilio wa beti. Akaanza kumchezea. Na kweli, mtu asiyeweza kuomba maji akawa anaimba ubeti mzima wa Kimeru akifuata sauti yake mwenyewe. Nilienda kumwona, nikamsikia kwa masikio yangu, nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Shida ikawa simu. Ilikuwa imejaa pomoni. Wimbo ukifika katikati ya ubeti, simu inakwama na kusema nafasi imekwisha, na Kanana anabaki mdomo wazi. Ndipo mzee alipomletea Karwirwa, mwezi wa Julai. Karwirwa alifungua akamwonyesha kilichokula nafasi: picha mia nne za maua yenye maneno ya habari za asubuhi, mikutano ya ukoo, na video ya mbuzi mmoja iliyotumwa mara tisa. Hayo yote yakafutwa bila kesi. Wakafika kwenye nyimbo. Wimbo mmoja ulikuwa umerekodiwa mara mbili. Ile mara ya kwanza Kanana anaruka ubeti, anasimama, anacheka, halafu anamwambia mumewe azime kwa sababu amekosea. Karwirwa akasema huu wa makosa tuufute, mzuri si upo.

"Huo usiguse," mzee akasema. "Hapo pia ni yeye."

Basi Karwirwa akamtilia memori kadi. Ukiingiza kadi mpya, simu kama ile inakuuliza: kadi hii iwe ya kutoa na kutia, au iwe sehemu ya simu yenyewe? Karwirwa alichagua iwe sehemu ya simu, akahamishia kila kitu huko, simu ikawa nyepesi. Kulikuwa na watu watatu kwenye foleni. Akamwambia mzee iko sawa, hakuongeza neno, na mzee akaenda zake.

Nusu mwaka mambo yakaenda vizuri. Januari, Mwiti, kijana wao anayefanya kazi Embu, akamtumia babake simu mpya. Mzee akapanga mambo yake vizuri sana. Simu ya zamani atampa Kinya, binti wa dadake. Nyimbo zitakaa nyumbani kwenye redio, kwa sababu kila alipokwenda shambani na simu mfukoni, Kanana alibaki kimya mpaka jioni. Siku ya Alhamisi akaitoa kadi mwenyewe, akabaki nayo, akaileta ile simu kwa Karwirwa aifute yote, iwe kama imetoka dukani. Karwirwa akaandika: Muthamia, futa kila kitu. Akatia alama.

Jumatatu saa tatu mzee akarudi, na hakusalimia mtu. Mimi nilikuwa napiga kola pasi, nikaiweka pasi kando. Alifungua leso, ndani kuna ile kadi. Redio haikutoa sauti tangu Alhamisi. Aliitia kwenye simu mpya, simu ikasema kadi haisomeki, ikamtaka akubali ifomatiwe kwanza. Yeye kufomati hakukujua, na kitu asichokijua hakikubali, akaichomoa. Lakini Kanana alikuwa amekaa siku nne bila nyimbo. Siku ya kwanza alikuwa akiionyesha redio kwa kidole. Siku ya pili akalia. Jana alikuwa amegeuza uso ukutani na uji hakuutaka, na mlio ule mmoja aliokuwa nao sasa hautoi hata huo.

Nikalizunguka bati nikaenda kuona. Karwirwa alikuwa ameshika ile kadi kwa vidole viwili, akamuuliza mzee simu ya zamani iko wapi.

Mzee akashangaa. Alisema si aliiacha hapa hapa Alhamisi ifutwe. Halafu akaliangalia daftari lililokuwa wazi mezani, na kusoma anajua.

"Umeshaifuta," akasema. "Naona alama."

Karwirwa alinivuta nyuma ya kabati akanieleza kwa sauti ndogo. Kadi ikishafanywa sehemu ya simu, simu inaifunga, na ufunguo unakaa ndani ya simu ileile. Ukiitia kwenye redio ni bubu. Ukiitia kwenye simu nyingine inaonekana mbovu. Ile simu ya kwanza peke yake ndiyo inayoweza kuifungua, na simu ikifutwa, ufunguo umekwenda, hakuna fundi wa kuurudisha, si Mikinduri wala Nairobi. Nikamuuliza: umefuta au hukufuta? Akasema hajui. Jumamosi, siku ya soko, alifuta simu nne, zote nyeusi, na watu wamemsimamia kichwani. Nilikasirika, lakini wakati wa kumgombeza haukuwa huo.

Tulitoa droo tukaimwaga mezani. Ile simu ikapatikana chini kabisa, na kikaratasi chake cha jina. Haikuwaka, betri ilikuwa imekwisha. Tukaichomeka kwenye chaja tukakaa. Mzee nilimletea kiti changu cha cherehani, akakaa, kofia magotini. Karwirwa alitueleza: ikiwaka na kuuliza lugha, kama simu mpya, basi imefutwa. Nimeishi na huyu msichana miaka sita nikimwombea Mungu ampe bidii. Asubuhi ile nilifumba macho nikasema, Mungu wangu, naomba Karwirwa awe alikuwa mvivu.

Simu ikawaka. Haikuuliza lugha. Ilitoa picha ya Kanana, amesimama mbele ya kanisa na rinda la zambarau, rinda nililolishona mimi, na kola yake imepinda kidogo upande wa kushoto.

Karwirwa aliitia kadi. Simu ikafikiri kwa muda, halafu nyimbo zikajitokeza moja baada ya nyingine. Mzee alizihesabu kwa kidole, kumi na moja na ule wa makosa. Akagusa wa kwanza, sauti ya Kanana ikatoka, nzima, ya siku zile. Mzee alimshika Karwirwa mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita mtoto wa baraka, akasema Jumapili atasimama kanisani awaambie watu ni nani aliyemwokolea mkewe sauti.

Hapo nilimkonyeza Karwirwa anyamaze apokee. Nakiri nilifanya hivyo. Sifa zikija mlangoni zenyewe, nani huzifungia?

"Mzee, usinishukuru," akasema. "Kosa ni langu tangu mwanzo. Niliifunga kadi kwa simu hii na sikukuambia usiitoe. Na hiyo alama ni ya uongo. Sikuwa nimefanya kazi yako, ndiyo maana nyimbo zipo."

Nilidhani mzee atachukua vitu vyake aondoke, na angekuwa na haki.

"Haya," akasema. "Ifungue basi. Na safari hii uniambie kila kitu."

Karwirwa alimwambia kila kitu, polepole, mara mbili, na foleni ikangoja. Alizinakili nyimbo kwenye kompyuta yake, akazitia kwenye simu mpya. Kisha akaifuta kadi, akaifanya ya kutoa na kutia, akazigeuza nyimbo ziwe za aina ambayo redio ndogo inaielewa, akazirudisha. Alimweleza kwamba sasa anaweza kuichomoa atakavyo, lakini kadi ni kitu cha kupotea, kwa hiyo cha thamani kisikae mahali pamoja. Mimi nikatoa simu yangu nikasema na hapa ziwekwe pia. Tulijaribu kadi kwenye redio yangu kabla mzee hajaondoka, wimbo kwa wimbo, na simu ya zamani haikufutwa mpaka wa mwisho uliposikika. Ile alama Karwirwa aliikata kwa kalamu, akafuta simu, ndipo akatia alama upya.

Wiki mbili zikapita. Ijumaa moja nikamwona mzee akija na redio kwapani, nikasikia bisibisi ya Karwirwa imeanguka. Mzee alisalimia kwanza, mimi, kisha yeye, kisha mteja aliyekuwa pale. Redio alikuja nayo kwa sababu ya betri tu. Halafu akatueleza.

Jana asubuhi alikuwa akiwasha moto, redio iko kwenye kigoda, Kanana anaimba akiifuata. Ukafika ule wimbo wa makosa. Akasikia anaambiwa, "Zima." Akaruka akazima, akarudi kwenye moto. Ndipo akakumbuka kwamba redio ilikuwa haijafika pale. Kicheko kilikuwa hakijatoka bado. Aligeuka akamwona Kanana amemkazia macho, mkono wake mzima umeinuliwa kama anavyowanyamazisha wanakwaya, kisha akauanza ubeti uliorukwa na kuuimba mpaka mwisho, peke yake, redio imezimwa.

Karwirwa alikuwa analia waziwazi. Mzee alijipangusa uso kwa ile leso ya kadi, na alikuwa anacheka.

"Miezi kumi nimengoja aniambie neno moja," akasema. "Analipata, na ni la kuniamuru."