Sweta la dada na safari ya Madagaska

Leo dada yangu kanisema kutoka nchi ya watu.

Juzi aliondoka hapa Ilomba, Mbeya, kwenda Madagaska, na mimi ndiye niliyempa darasa. Mababu wa watu wa kule walivuka bahari kutoka Asia. Kuna jumba la malkia juu ya kilima. Yote nilisoma kwenye simu, nikaeleza kama nimezaliwa huko.

Akapakia sweta. Nikalitoa.

"Dada, baridi iko Mbeya. Kule ni kisiwani, joto tupu."

Leo kapiga simu ya video kutoka mji mkuu. Kajifunga blanketi la hoteli mpaka masikioni, nyuma yake ni vilima na ukungu.

"Mdogo wangu, hapa ni Mbeya kabisa. Halafu hilo ulilovaa, si sweta langu?"

Nimemwambia mtandao unasumbua.

Nyie mngejibuje?