Rubani anayesubiri juu ya nyumba ya kwao

Saa mbili asubuhi, ndege ndogo ya injini moja inakaribia kisiwa cha Olango, nchini Ufilipino, ikitokea Siargao. Uwanja mkubwa wa ndege wa Mactan unaonekana ng'ambo ya maji. Rubani, Jovelyn Tampus, anabonyeza redio.

"Mnara, niko Olango, futi elfu moja na mia tano. Naomba kuingia."

"Baki hapo, zunguka. Kuna kubwa inashuka."

"Nabaki Olango, nazunguka," anajibu, na kuilaza ndege upande wa kushoto.

Chini yake kuna paa la buluu. Ni kwao. Mama yake, Nanay Pacing, yuko uani anaanika samaki.

"Namwona karibu kila siku," anasema Jovelyn, mwenye miaka thelathini na minne. "Kumfikia ndiyo shughuli. Zamu zikibana, mwezi unakatika."

Kuna mzunguko mmoja hapa ambao hausahau. Miaka mitatu iliyopita, akiwa Siargao anajiandaa kuruka, mdogo wake alimpigia simu: Tatay Isyo, baba yao, amezidiwa hospitalini Mactan, anamuulizia yeye tu.

Alipofika Olango, mnara ukamwambia asubiri. Wingu lilikuwa zito. Abiria mmoja, muuza kamba, alipoona machozi yake akauliza kulikoni. Akamweleza.

"Si uingie tu, dada! Kandege kenyewe haka, nani atakaona?"

"Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo," anasema Jovelyn. "Mkono ulikuwa umeshaanza kugeuza."

Akaurudisha. Punde ndege kubwa ikachomoka winguni, pale pale ambapo angepita.

Jovelyn alipofika hospitalini alikuta baba yake ameshafunikwa shuka.

Kwa miezi mingi hakumwambia mtu kuhusu mzunguko ule. Siku moja, wakila wali jikoni, mama yake akamuuliza, akimwita Inday, yaani binti.

"Inday, siku ile ulikuwa unazunguka hapa juu?"

"Ndiyo, Nay. Niliambiwa nisubiri ndege kubwa itue."

"Hiyo kubwa ilikuwa na watu wangapi?"

"Kama mia mbili."

Mama akamwongezea mchuzi. "Nao walikuwa wanasubiriwa na baba zao," akasema.

"Nililia siku hiyo kuliko kwenye mazishi," anasema Jovelyn.

Sasa anataka kumpeleka mama yake kisiwani Siquijor, alikozaliwa Tatay Isyo. Nanay Pacing hajafika huko tangu arusi yake, na hajawahi kupanda ndege.

"Hako kadude kako kanatetemeka kama mbwa aliyelowa," alimwambia bintiye mwanzoni. "Sipandi ng'o!"

Wiki iliyopita alikubali, baada ya kubembelezwa sana. Wataondoka Jumapili baada ya misa. Ametoa sharti moja tu.

"Wakikwambia usubiri, usubiri," alisema. "Mimi nikiwa na wewe sina haraka."