Kitabu Kilichokatwa kwa Wembe

Binti yangu anasema vitabu vya karatasi vimekwisha, bado mazishi tu. Alisema hivyo hapa Same, barazani kwangu, upepo wa mchana ukitupiga vumbi hadi ndani ya vikombe vya chai. Nilimbishia, maana kubisha nimeumbwa nako. Akaniambia nitaje kitabu chochote nilichokisoma utotoni. Nikamtajia kimoja nilichojua hatakipata ng'o, cha hadithi, kilichokwisha madukani kabla yeye hajazaliwa. Chai haijapoa, kilikuwa mbele yangu kwenye simu yake, chote, pamoja na picha ya jalada: mwanamke amesimama kando ya barabara, kiganja juu ya macho. Mwisho wa kitabu kile sikuwahi kuusoma.

Nilisoma shule ya msingi milimani, juu ya Gonja, miaka ile ya dhiki. Sabuni foleni, sukari foleni, na mafuta ya taa yakifika dukani, habari zilivuka vilima viwili kabla debe halijafunguliwa. Madaftari tuliyaandika mpaka kwenye majalada. Basi mwalimu wetu wa Kiswahili alipoingia na kitabu kipya cha hadithi, kimoja kwa darasa zima, tulikizunguka kama watu wanaotazama ndama aliyezaliwa usiku. Mwalimu alikinusa, akatupitishia nasi tukinuse. Kisha akatoa wembe mfukoni.

Darasa zima liliguna. Alikikata mgongoni polepole, ulimi nje, akakigawa vipande, na kila kipande akakishona kwa uzi wa katani. Vipande vilipita dawati hadi dawati, kila Ijumaa vinasogea. Kipande cha mwisho alikifungia kabatini ili asiwepo wa kutuharibia utamu. Yeye mwenyewe alikuwa hajakisoma. Alisema atangoja zamu yake kama sisi. Mpaka leo sijaelewa mtu mzima aliwezaje kujizuia hivyo.

Nyumbani nilimsomea bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa hajui hata a. Alikaa akichambua maharage ya makande, mimi nasoma. Hadithi ilikuwa ya mama mmoja ambaye mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akanyamaza. Mama akawa anauza mbuzi mmoja mmoja, apate nauli ya kumtuma mtu amtafute. Bibi aligombana na kitabu waziwazi.

"Mwambie asimuuze huyo mwenye mimba!"

"Bibi, hiki ni kitabu."

"Si unacho mkononi? Mwambie."

Nilicheka, lakini kicheko kilinikauka nilipoona anasubiri kweli nimwambie. Nilikuwa sijawahi kuona jambo kama lile. Alama nyeusi kwenye karatasi zilimfanya mwanamke mzima asahau maharage mikononi, na Ijumaa zikawa zinanikuta barabarani na yeye, amekuja kunipokea, haniulizi nimeshindaje, ananiuliza kipande kiko wapi.

Kulikuwa na jambo ambalo nyumbani halikutajwa. Baba yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, aliondoka kwenda mkonge upande wa Tanga kabla sijazaliwa. Mwanzoni alituma salamu na kitenge. Baadaye hakutuma kitu. Kitanda chake kilikuwa katika chumba cha nyuma, kimetandikwa, na sisi watoto tulilala chini kwenye mkeka bila kuuliza kwa nini.

Vipande vyote vilipokwisha kuzunguka, mwalimu alifungua kabati. Zamu ya kwanza ya kile cha mwisho akampa msichana wa dawati la nyuma yangu, msomaji kutushinda sote, akakisome nyumbani Jumamosi na Jumapili. Jumatatu hakuja. Baba yake alikuwa amepata mahali pa kulima mpunga, wamehamia Maore, na kipande kimehama nao.

Nilimpa bibi habari hizo nikijua atalalamika. Hakulalamika. Alisema Maore ni hapo tu. Miaka mingi magoti yake yalikuwa yamemkataza kuteremka hata mpaka dukani.

Tuliteremka Jumapili, yeye na fimbo, mimi na kikapu cha tangawizi ya kupeleka ugenini. Kila tulipopumzika joto lilikuwa limeongezeka. Tulipofika, miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini. Mama wa yule msichana alitupokea uani, akasema shikamoo mama, akaleta maji. Bibi alikunywa, akasema kilichotuleta: tumefuata mwisho wa hadithi. Yule mama alicheka kwa furaha. Alisema hata wao kitabu kile kimewakosesha usingizi.

"Maana mimi nina mtoto huko mkonge," bibi akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitamka hivyo. Yule mama aliacha kucheka. Alimtazama bibi usoni, akatazama miguu yake, akainuka akaingia jikoni kuzileta zile kurasa. Alikawia. Alitoka mikono mitupu.

"Mama, nina aibu hata ya kusema. Mzee wa humu amezisokotea tumbaku."

Siku zile mtu angeamini. Karatasi ilikuwa haipatikani, watu walisokotea hata barua. Bibi alifumba macho kidogo.

"Lakini mlisomewa?"

"Tulisomewa, mama."

"Alirudi?"

"Alirudi. Alirudi na sanduku, na mke, na mtoto mgongoni mwa mke."

"Mama yake alikuwa wapi?"

"Barabarani. Ndiye aliyemwona wa kwanza."

Bibi alipiga makofi, akaomba asimuliwe tena, na yule mama akasimulia tena, akaongeza hata rangi ya sanduku. Binti yake alikuwa kando, anachora chini kwa kidole cha mguu. Tulipopanda kurudi, bibi alitangulia. Nasema alitangulia, mtu wa magoti yale, kwenye mlima ule, na mimi mtoto nikawa namfukuzia nyuma nikihema.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikapanda mpaka kwetu. Watu wakaanza kurudi kutoka mkonge, mashamba yamefungwa, na kila aliyepita bibi alimsimamisha amuulize. Alikuwa na hakika. Baba mkubwa hakurudi. Bibi alikufa akituagiza kile kitanda tusimpe mtu.

Sasa nilikuwa barazani na simu ya binti yangu. Nilisukuma kurasa kwa kidole, nikipita mbuzi wote waliouzwa, mpaka mwisho. Mgeni anafika kwa yule mama jioni. Amebeba shati la mwanawe. Mwana alikwisha kuzikwa hukohuko shambani, siku nyingi, kabla hata mbuzi wa kwanza hajauzwa.

Nilimpigia yule msichana wa dawati la nyuma. Siku hizi ni bibi wa watu, yuko Maore bado.

"Hakurudi," nikamwambia, hata salamu nilisahau.

"Umekipata kile kitabu," akasema.

"Ulijua?"

"Si ndiye niliyewasomea? Mama alilia kama amefiwa yeye."

"Na baba yako akazivuta."

"Baba mtu wa kanisa, tumbaku ataijulia wapi? Mama alizitia motoni wakati mnakunywa maji. Nilimuuliza, akasema bibi yako bado ana mlima wa kupanda."

Nilikata simu. Nimeona mambo ya kustaajabisha maishani, na siku ile kitabu kizima kilikuwa kimetua mkononi mwangu kutoka hewani. Lakini yule mama wa Maore alinizidi akili. Aliyatunga yote yale amesimama, mkononi hana hata ukurasa.

Binti yangu aliniuliza kama sasa nimekubali. Nikamwambia huenda ni kweli, karatasi itakwisha. Kitabu kilichomo kwenye simu hakitiwi motoni, na mwisho wake unampata kila anayeuliza, awe nani. Nikamrudishia simu yake, nikashukuru kwamba bibi yangu aliishi wakati wa karatasi.